Mama Mkwe Kwenye Mtihani wa Maneno

Mwanahawa binti Lugembe alikuwa na mdomo. Nalisema mapema, kwa sababu nikilificha wapo watu wa Tabora watakaonisuta hadharani, na watakuwa na haki. Alikuwa akiuza asali mtaa wa Majengo Mapya, asali ya Usinge iliyomjia kwa treni ndani ya madebe, na ukipita mbele ya meza yake bila kusalimia, alikusalimia yeye, akaitikia yeye, halafu akakuuliza mbona umeitikia kwa kununa. Mteja aliyetaka chupa moja alirudi kwake na chupa moja pamoja na habari za nyuki, habari za mrina asali aliyekimbiwa na mkewe, na ushauri juu ya kikohozi cha mtoto ambacho hakuwa amekitaja kabisa. Umejuaje, mama? Nimekuona umenunua tangawizi.

Watu walimpenda na walimkwepa, yote mawili kwa siku moja.

Lakini msidhani alizaliwa hivyo. Miaka mingi nyuma aliolewa Tura na mfanyakazi wa reli aitwaye Mussa, bwana mpole mbele za watu na mkorofi mlango ukifungwa. Siku ya kuachana wakakalishwa mbele ya wazee. Mussa akasema. Akasema weee, mpaka wazee wakaletewa maji ya kunywa. Mwanahawa alipofungua kinywa, mzee mmoja akamwinulia mkono: "Subiri, binti, utaulizwa." Akasubiri. Shauri likaamuliwa, wazee wakavaa viatu wakaenda kuswali, na yeye hakuulizwa neno. Akapanda treni na mwanawe Tatu mgongoni, na kutoka Tura mpaka Tabora akawasimulia abiria wa behewa zima yale yote ambayo hakuulizwa. Wanaomjua wanasema tangu safari ile hakunyamaza tena.

Sasa basi. Mwaka uliofuata sherehe za miaka kumi ya uhuru, kata ikatangaza kwamba baraza la usuluhishi, lile linalosikiliza ugomvi wa mke na mume kabla haujafika mahakamani, litaongezewa kiti kimoja, na kiti hicho ni cha mwanamke. Mwanahawa alilipata tangazo akiwa anamimina asali, na kwa mara ya kwanza katika biashara yake akaimwaga. Alikitaka kiti kile. Posho hakikuwa nayo, wala kivuli kizuri. Alitaka tu kwamba mwanamke akiletwa pale mbele, awepo mtu wa kumgeukia na kumuuliza, na mtu huyo awe yeye. Alimwambia kila mteja. Aliwaambia hata waliokuja kuuliza saa ngapi.

Mwenzake aliyekitaka ni Pelagia, mshonaji, mwanakwaya kanisani kwa Wakatoliki, mwanamke wa maneno machache yaliyopigwa pasi. Mkutano wa mtaa ukagawanyika katikati. Katibu wa kata, Wenceslaus, alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa ajabu. Asali alinunua kwa Mwanahawa, suruali alishonewa na Pelagia, na hakuwa tayari kukosa kimojawapo. Kura aliiogopa kama ndui. Akawa anaahirisha mkutano kwa kisingizio cha mvua, na ilikuwa kiangazi.

Ndipo akamwona Kondo.

Kondo alikuwa kijana wa chuo kikuu, mrefu, mwenye miwani na begi la vitabu, aliyefika Tabora kufanya utafiti wa akili za watu wazima. Alikuwa anawapima watu kwa maneno: anakusomea neno, unamweleza maana yake, anaandika alama. Wenceslaus aliposikia hivyo nusura ambusu. Jioni ileile akaitisha mkutano, akapanda juu ya kreti la soda, akatangaza: "Ndugu wananchi, dunia imekwenda mbele. Kiti chetu tutakitoa kisayansi! Ndugu Kondo atawapima wagombea wote wawili, na mwenye akili nyingi ya maneno ndiye atakayekalia."

Kondo alishtuka, maana hakuwa ameulizwa. Lakini watu walishapiga makofi, na kijana wa watu angefanyaje? Akasimama kueleza.

"Akili, ndugu zangu, zipo za namna mbili. Ipo ile ya kudaka jambo jipya upesi. Hiyo vijana wanayo, na mtu akizeeka inampungukia. Ya pili ni ile ambayo mtu ameikusanya maishani, kidogo kidogo, kwa kusikia na kusema na kuishi na watu. Hiyo haipungui haraka. Kwa wengi inazidi na umri, na njia nyepesi ya kuipima ni kuangalia mtu anajua maneno kiasi gani na anayaelezaje. Wataalamu wanaiita akili iliyoganda."

"Iliyofanyaje?" Mwanahawa akasimama. "Mimi akili yangu imeganda?"

"Si kwa ubaya, mama..."

"Bi Mwanahawa," akaita mzee mmoja kutoka nyuma, "kwani asali yako haigandi?"

Hapo mwanamke akatulia. Kila mwaka baridi ikiingia asali yake iliganda, na kila mwaka alipigana na wateja waliodai ameitia sukari. Akavuta khanga yake vizuri, akamwambia Kondo, "Basi andika kwenye kitabu chako kwamba yangu imeganda kweli kweli. Ipindue chupa, haimwagiki."

Mtihani ulifanyika katika ofisi ya kata. Pelagia aliingia wa kwanza, akajibu taratibu, akatoka akijifuta jasho. Nje watu walijaa dirishani, kwa sababu zamu iliyofuata ndiyo waliyoijia. Mwanahawa akaingia amejifukiza udi, akakaa, akatengeneza koo.

"Shikamoo, mama," akasema Kondo.

"Marahaba, mwanangu. Kabla hujaniuliza, nikuulize. Wewe mtu wa wapi?"

"Kisarawe, mama. Mimi Mzaramo."

Lo! Dirisha zima likapiga kelele. Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakilala katika vijiji vya Wazaramo na kugombania visima na viazi, ilikubaliwa kwamba watu hawa watatukanana bila kukasirika, watanyang'anyana bila kushtakiana, hata msibani watachekeshana. Na mtani hajibiwi sawasawa. Ukimjibu mtani kwa adabu na usahihi, umemwambia kwamba wewe na yeye hamjuani. Mwanahawa alikuwa mwanamke wa adabu zake. Akakunja mikono ya blauzi.

"Ala! Kumbe mtumwa wangu! Na mimi nimekaa nimenyooka hapa najichosha. Haya, soma."

"Neno la kwanza," akasema Kondo, ambaye tayari mdomo ulikuwa unamcheza. "Ukarimu ni nini?"

"Ukarimu ni kile kitu ambacho Mzaramo hukikuta kwa jirani, akakila, akaomba na cha kubeba."

Dirishani mtu akapiga ukuta kwa kiganja.

"Subira?"

"Subira ni kumngoja Mzaramo aliyesema anakuja sasa hivi."

"Mama, jibu vizuri."

"Nimejibu vizuri mno. Lile baya nakutunzia, ule nalo kesho."

"Hasara ni nini?"

"Hasara ni babu yangu kutembea na mzigo kutoka Tabora mpaka pwani, miguu imepasuka, akafika akakuta mwenyeji wake ni babu yako."

Sasa Kondo naye alikuwa mtu, ana damu. Kalamu akaiweka. "Babu yako huyo," akasema, "alipoiona bahari si alichota akanywa, akasema hii supu imezidi chumvi?"

Jamani, walicheka. Wenceslaus aliyekuwa amekaa pembeni kama msimamizi alilazimika kutoka nje. Basi ikawa hivyo mpaka mwisho: Kondo anasoma, Mwanahawa anachoma, Kondo anarudisha. Alipoulizwa kinu na chungu vinafanana vipi, alisema vyote viwili, akipita Mzaramo, hubaki vitupu. Akatoka pale akipongezwa, akashikwa mikono, na akarudi mezani kwake ana uhakika kwamba tangu Tabora iwe Tabora hajatokea mtu aliyefanya mtihani vizuri kama yeye.

Matokeo yalisomwa mkutanoni Jumapili. Pelagia: uwezo wa maneno, mzuri sana. Makofi. Wenceslaus akakohoa, akaigeuza karatasi juu chini kama anayetafuta upande wenye nafuu. "Ndugu Mwanahawa binti Lugembe. Uwezo wa maneno... hafifu kabisa."

Mtu mmoja akasema, "Mwanahawa? Maneno?" na mkutano ukalipuka. Watu walicheka mpaka benchi la mbele likaanguka na waliolikalia. Mwanahawa hakucheka. Alikwenda moja kwa moja nyumba aliyopanga Kondo, khanga inapepea, watu wakimfuata nyuma.

"Wewe mtumwa! Nimekujibu kwa heshima zote za utani, neno kwa neno, wewe unakwenda kuniandikia hafifu?"

"Mama, kitabu kinataka maana ya neno. Utani hakiujui."

"Kitabu gani kisichojua utani? Kimeandikwa na watu wasio na majirani?"

Kondo akavua miwani. Alikuwa na haya kwelikweli. "Kosa ni langu, mama. Nilitakiwa nisimamishe mtihani pale tulipoanza kucheka, na mimi nikacheka zaidi yako. Kitabu kinaruhusu kurudia mara moja, kwa maneno mengine, mtihani ukiwa umevurugika. Mara moja tu. Uje Jumamosi. Jumapili napanda treni kwenda Kigoma kuendelea na kazi."

"Na utani?"

"Siku hiyo tuuache mlangoni."

"Mimi nitauacha. Wewe sijui utauweka wapi, maana huna kitu kingine kichwani," akasema Mwanahawa, na hasira ikawa imepungua nusu.

Wiki ile wateja waliteseka. Hakuna aliyepewa asali kabla hajasikilizwa maana ya neno. Mwanahawa alikuwa anajipima mwenyewe kwa sauti: fadhila ni nini, inda ni nini, husuda na wivu vinatofautiana wapi. Na alijua, wallahi. Neno moja alilieleza kwa mifano ya watu wa mtaa mzima, kwa majina yao, mpaka baadhi wakaanza kupita barabara ya nyuma.

Katika kujishughulisha huko kuna jambo moja lililompita, yeye aliyekuwa hapitwi na kikohozi. Kondo alikuwa anakuja kununua asali kila jioni. Kijana mmoja, anaishi peke yake, asali yote hiyo anaogea? Mwanahawa alimwita mtumwa, akampasulisha kuni, akamchotesha maji, akamnyang'anya kofia kwa haki ya utani, na hakuona kwamba aliyekuwa anampimia asali, kwa kijiko, taratibu, chupa moja kwa nusu saa, ni Tatu.

Tatu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika, binti mtulivu, mzuri, na umri ulikuwa unakwenda. Wachumba walishakuja. Wa Bukene alituma washenga wenye adabu kabisa, Mwanahawa akawakaribisha na kuwaeleza mawazo yake juu ya ndoa, juu ya wanaume na juu ya watu wa Bukene, na wale wazee waliondoka chai haijachemka. Mwingine alisikia sauti yake toka kona ya mtaa akageuza baiskeli. Tatu hakuwahi kulalamika. Alirudi tu ndani akapanga chupa, na kupanga kule Mwanahawa alikuwa anakusikia mpaka moyoni.

Ijumaa baada ya sala, kaka yake Mwanahawa, Ngollo, akafika amevaa kanzu iliyonyooshwa.

"Kaa chini, dada," akasema. "Posa imeletwa kwangu asubuhi. Wazee wawili wa pwani wanaofanya kazi reli wamekuja kwa niaba ya yule kijana wa vitabu. Nimemwita Tatu, nimemuuliza, amekubali kabla sijamaliza kuuliza. Nimepokea."

Mwanahawa alishika ukingo wa meza. Akamwangalia Tatu, aliyekuwa amesimama mlangoni anachezea kifundo cha khanga, uso umemng'aa vile ambavyo mama yake hakuwahi kuuona. Akafungua kinywa apige vigelegele. Kikabaki wazi bila sauti, kwa sababu hesabu ilikuwa imemfikia.

"Ngollo. Umepokea leo?"

"Leo. Kijana anaondoka Jumapili."

"Kesho ana mtihani na mimi!"

"Najua."

"Mngengoja nitoke kwenye mtihani! Mnashindwa kungoja kidogo tu?"

"Dada, posa imeletwa, nimeshapokea kishika uchumba chake. Kuanzia sasa yule si mtani wako tena. Ni mkweo."

Katika ukoo wa akina Lugembe ukwe haukuwa mchezo. Mama mkwe na mume wa mwanawe hawatazamani usoni. Hawasemezani ana kwa ana mpaka ndoa ipite na kijana alete zawadi ya kuuondoa ukimya huo. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Mkiwa na jambo, linapitia kwa mtu wa tatu. Na mama akimsemesha mkwe moja kwa moja, hata kwa kumpa mgongo, siku ya pili ya posa, wazee wa ukoo hawaulizi mara mbili. Wanajua amemkataa, posa inarudishwa.

Kondo naye hakuwa na nia mbaya, maskini. Alidhani wajomba wa Kinyamwezi hujibu posa baada ya mwezi. Aliposikia imepokelewa alifurahi mpaka akakaa juu ya miwani yake. Furaha ilipopungua akakumbuka Jumamosi, akakimbia kwa Wenceslaus. Wakatafuta njia. Mtu mwingine asome maswali? Kitabu kinakataa, msomaji lazima awe amefunzwa kazi hiyo. Mtu wa tatu apokee majibu na kuyapeleka? Kitabu kinakataa, jibu litoke kinywani mwa mwenyewe liingie sikioni mwa mpimaji, asiwepo mtu katikati. Kuahirisha? Treni. Kondo akasema yuko tayari kuandika alama za uongo, halafu akasema hapana, hawezi, halafu akakaa chini.

Asubuhi Tatu alimletea mama yake uji. "Nenda ukajibu, mama," akasema. "Hicho kiti umekitaka tangu sijajua kutembea. Mimi nitakaa."

"Utakaa wapi?"

"Hapa. Na wewe."

Mwanahawa alivaa, akajifunga khanga, akatoka. Kuukimbia mtihani alikataa kata kata, watu wangesema ameogopa. Lakini njia nzima hakuwa ameamua. Alipofika kwenye bomba la maji alikuwa ameamua kusema, na wazee wa ukoo wakajinyonge. Alipofika dukani kwa Mwarabu alikuwa ameamua kunyamaza. Mlangoni pa ofisi alikuwa hajui.

Watu walikuwa tele dirishani, wengine wamekuja na karanga za kutafuna, wanangoja vituko. Ngollo alisimama mbele yao na kanzu yake. Ndani Kondo alikuwa amekaa amegeuzia uso ukutani, shingo imekakamaa, anaitazama picha ya jembe iliyobandikwa pale kana kwamba jembe ndilo lililokuja kupimwa. Mwanahawa akamwona yule kijana mgongoni tu, shati limelowa jasho, masikio yanatetemeka. Akamhurumia. Akavuta kiti, akakipindua, akakaa naye akampa mgongo, akajifunika khanga kichwani mpaka usoni.

"Ne... neno la kwanza," Kondo akaliambia jembe. "Usuluhishi ni nini?"

Mungu wangu, katika maneno yote ya Kiswahili! Lilimpanda Mwanahawa kutoka tumboni, lote, na mifano yake, na Tura, na wazee wakivaa viatu. Lilifika kwenye meno. Akayauma. Chini ya khanga mashavu yalimvimba, na waliokuwa dirishani waliona kitambaa kinapanda na kushuka.

Kimya.

"Fitina ni nini?"

Kimya. Fitina! Angeweza kuikalia fitina mpaka adhuhuri.

Dirishani aliyekuwa akitafuna karanga aliacha. Walizoea kumsikia mwanamke huyu toka mtaa wa pili, na sasa walisikia nzi. Neno baada ya neno Kondo akasoma, sauti inazidi kufifia, na baada ya kila neno akangoja muda ambao kitabu kinautaka, na kila alipongoja Wenceslaus alifumba macho. Mara moja Mwanahawa alitoa sauti, nayo ilikuwa kikohozi, na watu wote wakaruka.

"La mwisho," akasema Kondo. Akalitazama kwenye karatasi, na hakulisoma upesi kama mengine. "Staha ni nini?"

Khanga haikusogea. Muda wa kitabu ukapita, na Kondo akaongeza mwingine ambao haumo kitabuni. Halafu akaandika sifuri kama alivyoandika kwingine kote, kwa sababu alikuwa mkweli, na mkono wake ukaitoboa karatasi.

Mwanahawa akainuka, akatoka kinyumenyume asimgeukie, akagonga kizingiti kwa kisogo, akajizuia hata kusema "aaa". Watu wakampisha. Pelagia alikuwepo, na nitamsifu kwa hili, hakutabasamu. Alivua kandambili zake, akapiga goti la heshima, akasema, "Pole, dada," na kiti kikawa chake.

Alasiri Mwanahawa alikuwa nyumbani, ameketi juu ya mkeka katikati ya madebe, analia kwa kwikwi. Tatu alikuwa kando yake. Kikasikika kishindo barazani, nje ya ukuta, mtu anakaa chini. Akakohoa kwa adabu. Kikohozi kile walishakijua wote wawili bila kumwona mwenyewe.

"Tatu," akasema Mwanahawa, sauti ndiyo kwanza inarudi, imekwaruza. "Mwambie huyo aliye nje kwamba namsikia."

Tatu akasogea mlangoni. "Anasema anakusikia."

"Mwambie mama," ikatoka sauti ya Kondo, hatua mbili tu kutoka alipokaa Mwanahawa, "nimekuja kuomba radhi."

"Anasema amekuja kuomba radhi, mama."

"Mwambie radhi anayo. Lakini mwambie kimeniuma. Mwambie kile kiti nilikitaka kuliko nilivyomtaka baba yako. Mwambie nimelia. Usipunguze, Tatu, useme kama nilivyosema."

Tatu akasema kama alivyosema, na yeye mwenyewe machozi yakimtoka. Mwanahawa akapenga kamasi kwa pindo la khanga, akakaa sawa.

"Sasa mwambie ayasome yale maneno. Yote. Nisipoyatoa yataniua, na mwenye kuyazika hayupo."

"Mwambie mama siwezi tena kuandika alama."

"Nani kamwambia aandike? Mwambie asome!"

Akasoma. Na Mwanahawa akajibu, kwa kumwambia Tatu, na Tatu akapeleka kila neno kwenye ukuta ambao ulishalisikia. Usuluhishi, akasema, ni kuwakalisha waliokosana, ukamsikiliza mwenye sauti kubwa, kisha ukamnyamazisha ili umsikie mwenzake. Hapo palimchukua muda. Fitina aliieleza kwa kituo, akaitenganisha na umbeya, akatoa mfano wa jirani, na jirani akafunga dirisha. Majirani wengine walitoka na vigoda vyao wakakaa barazani upande wa Kondo. Kila alipomaliza neno, Kondo alisema, "Mwambie mama ni kweli," na Tatu akasema, "Anasema ni kweli," na Mwanahawa akasema, "Najua," akanywa maji, akataka jingine. Sauti ilikuwa imemrudia yote, inasikika mpaka barabarani.

"Limebaki moja," akasema Kondo nyuma ya ukuta. "Mwambie ni staha."

"Ni staha, mama," akasema Tatu.

Mwanahawa alikuwa anafunga kifuniko cha debe. Akakikaza, akafuta mikono.

"Hilo," akasema, "mwambie nimeshamjibu."